Waliimba uhuru, lakini jikoni alibaki nani?

Umepita Harry Thuku Road mara ngapi? Pengine kila wiki. Unashuka mat tao, unakatiza kando ya chuo kikuu, macho kwa simu, mbio kufika unakoenda. Upande mmoja kuna Kenya National Theatre, ng'ambo kuna hoteli ya Norfolk, na pale mwanzo wa barabara kuna kituo cha polisi cha Central. Ni mwendo wa dakika tano tu. Lakini katika dakika hizo tano unakanyaga mahali palipozaa wimbo wa kupinga ukoloni ulioimbwa kwa miaka mingi. Na waliouimba ni wanawake.

Leo twende pamoja. Tutaanza hapo, tupite chuoni, kisha tupande mat ya Waiyaki Way tuelekee Lavington na Kawangware. Njiani tutajiuliza swali ambalo darasani hatukuulizwa sana: nyimbo na mashairi ya kupinga ukoloni yalipomtaja mwanamke, yalimwona kama mtu, ama kama bendera ya kupeperushwa na wengine?

Usiseme hayo ni mambo ya kale. Subiri tufike mwisho wa safari.

Gauni kwa suruali

Machi 14, 1922, serikali ya mkoloni ilimkamata Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika Hazina. Kosa lake lilikuwa mdomo. Alikuwa akipinga kodi ya nyumba, kukatwa kwa mishahara na kipande. Kipande kilikuwa cheti cha kazi ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho kikiwa ndani ya kikopo cha chuma, mara nyingi kikining'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Thuku alipinga jambo jingine pia: wanawake na wasichana kulazimishwa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu.

Hilo la mwisho lishike vizuri, kwa sababu ndilo linaloeleza yaliyofuata.

Machi 16, umati ulijaa mbele ya polisi ukitaka Thuku aachiliwe. Wanaume wachache walichaguliwa waende kuzungumza na wakubwa serikalini. Waliporudi, waliwaambia watu watawanyike waende nyumbani. Baadhi ya wanaume walianza kuondoka. Wanawake walikataa. Mmoja wao, Muthoni Nyanjiru, alisimama akainua gauni lake juu mbele ya umati, akawaambia wanaume wachukue gauni hilo na wampe yeye suruali zao, maana walikuwa waoga.

Kwa Agĩkũyũ, mwanamke mzima akikufanyia hivyo hajafanya mchezo. Ni tusi zito kuliko yote, karibu na laana. Umati ulisonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilikubali vifo 21. Waliokuwapo walisema ni zaidi. Masimulizi ya mashahidi yanasema hata baadhi ya wazungu waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk walipiga risasi wakiwa hapo hapo.

Baadaye wanawake wakatunga wimbo, Kanyegenyuri, wa kukumbuka siku hiyo. Haukuandikwa kitabuni. Ulipita mdomo kwa mdomo, kutoka kisimani hadi shambani. Barabara leo ina jina la Thuku. Jina la Nyanjiru lilibebwa na wanawake kwa koo zao.

Sasa tazama alichofanya. Sheria ya rangi ilimvisha mwanamume kipande shingoni, na ikamburuta mwanamke hadi shamba la kahawa. Mwanamke huyo alikuwa na mabwana wawili: mzungu mwenye bunduki, na mwanamume wa kwao aliyedhani mazungumzo na serikali ni kazi ya suruali. Nyanjiru aliwajibu wote wawili kwa tendo moja. Ukisoma vitabu vinavyozungumzia rangi peke yake, unamkosa. Ukisoma vinavyozungumzia jinsia peke yake, pia unamkosa.

Na tendo lenyewe halikufa naye. Mwaka wa 1992, miaka 70 baadaye, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika Uhuru Park, Profesa Wangari Maathai akiwa nao. Polisi walipowavamia Machi 3, baadhi ya akina mama walivua nguo. Kutoka hapo hadi alipoangukia Nyanjiru unaweza kutembea bila kutoa jasho.

Profesa aliyefukuzwa na maneno yake

Songa mbele kidogo usimame mbele ya Kenya National Theatre. Jumba hili lilifunguliwa mwaka wa 1952, mwaka ule ule ambao Waingereza walitangaza hali ya hatari ili kupambana na Mau Mau. Kwa miaka mingi, jukwaa lake lilikuwa la michezo ya kizungu, hata baada ya bendera kubadilishwa.

Oktoba 1976, watu wawili walileta hapa mchezo tofauti: The Trial of Dedan Kimathi. Mmoja unamjua, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o. Wa pili mara nyingi anatajwa kwa sauti ya chini, ama hatajwi kabisa. Ni Micere Githae Mugo. Uliza marafiki zako nani aliandika mchezo huo uone watakujibu nini.

Micere alizaliwa mwaka wa 1942, Kirinyaga. Alikuwa kati ya wasichana Waafrika wa kwanza kuingia Limuru Girls, shule iliyokuwa ya wazungu. Hebu jiweke hapo: wewe ni binti, Mwafrika, darasani umezungukwa na watoto wa watu wanaomwita baba yako boi. Yaliyomfika huko aliyabeba hadi kwenye kalamu. Mwaka huo huo wa 1976 alichapisha mashairi yake katika Daughter of My People, Sing. Jina la kitabu lenyewe ni agizo: binti wa watu wangu, imba. Hakusema binti aimbiwe. Alisema aimbe mwenyewe.

Mashairi yake yalikuwa ya kusomwa kwa sauti, msimulizi akitoa na hadhira ikipokea, kama ngano za jioni. Katika mchezo wa Kimathi pia, mwanamke si wa kulia pembeni. Ndiye anayebeba bunduki iliyofichwa ndani ya mkate.

Mwaka wa 1980 alichaguliwa mkuu wa Kitivo cha Sanaa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Mwaka wa 1982 alilazimika kukimbia nchi na mabinti zake wawili. Alipoteza uraia wa Kenya, akapewa wa Zimbabwe, na baadaye akafundisha Marekani kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Alifariki huko Juni 2023. Nchi ya kwanza kumfukuza kwa sababu ya maneno yake haikuwa Uingereza. Ilikuwa Kenya huru.

Lawino na rangi ya thao

Ingia chuoni. Miaka ya sabini, ungeweza kukutana hapa na mhadhiri mmoja mcheshi, Mwacholi kutoka Gulu, Uganda: Okot p'Bitek. Utungo wake mrefu, Song of Lawino, ulichapishwa hapa Nairobi mwaka wa 1966 na East African Publishing House. Baadaye Paul Sozigwa aliuleta kwa Kiswahili kama Wimbo wa Lawino.

Kisa chake utakielewa bila mwalimu. Lawino ni mke wa Ocol. Ocol amesoma sana, na sasa anaona haya kwa kila kitu cha kwao: chakula, ngoma, hata mama yake. Amempata Clementine, binti wa mjini anayejipaka poda hadi uso unabadilika rangi, na kuchoma nywele ziwe kama za mzungu. Lawino anamcheka, lakini ndani ya kicheko kuna kidonda. Anajua Ocol hakuvutwa na Clementine tu. Alivutwa na weupe.

Kumbuka mwaka: 1966. Mzungu ameshateremsha bendera yake. Lakini Lawino anatuambia mzungu hakuondoka, alihamia kwenye kioo.

Sasa niambie, wewe unayesoma haya: ni mara ngapi umesikia msichana akisifiwa kwa sababu ni "rangi ya thao"? Ni mara ngapi umeona picha imepitishwa kwenye filta hadi mtu akawa si yeye? Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya kwa miaka mingi, lakini mkorogo haujaisha mitaani. Watu hawanunui krimu peke yake. Wananunua nafasi: ya kutongozwa, ya kuajiriwa mapokezi, ya kuonekana wamefika. Na bei hiyo hulipwa zaidi na wanawake. Msee mweusi tii huambiwa ana mwili wa kiume. Msichana mweusi tii huulizwa kama ameshajaribu krimu fulani.

Ila usimeze Lawino mzima mzima. Sauti ni ya mwanamke, lakini kalamu ilishikwa na mwanamume. Lawino hadai shamba lake mwenyewe. Hapingi mume kuoa wake wengi. Anachoomba zaidi ni mume arudi nyumbani, arudie mila. Ni mwanamke jinsi ambavyo mwanamume aliyechoshwa na ukoloni angetamani awe: mlinzi wa chungu, wa nyungu na wa kaburi la mababu.

Okot hakuwa peke yake. Léopold Sédar Senghor wa Senegal, katika diwani yake ya kwanza ya mwaka wa 1945, alimsifu mwanamke mweusi kwa maneno matamu mno, wakati ambapo Ulaya ilimwona mweusi kama si kitu. Ilikuwa kazi ya maana. Lakini mwanamke yule hana jina, na hasemi. Ni ardhi, ni usiku, ni Afrika yenyewe. Miaka michache baadaye kule Msumbiji, binti aitwaye Noémia de Sousa, mwenye damu ya Kiafrika na ya Kireno, aliandika mashairi yaliyopitishwa mkono kwa mkono chini ya pua ya Wareno. Kwake mwanamke mweusi anasema "mimi". Hapo ndipo penye tofauti ya kuwa bendera na kuwa mtu.

Ngoma iliyopigwa marufuku

Haya, tupande mat. Tupite Museum Hill, Westlands, tuingie Waiyaki Way. Hata barabara hii ni ya kumbukumbu: Waiyaki wa Hinga alikamatwa na Waingereza mwaka wa 1892 upande huu wa Dagoretti, akafia Kibwezi akiwa njiani kupelekwa pwani.

Ukiendelea mbele, utapita Kangemi na Uthiru hadi upande wa Kikuyu, iliko Thogoto, kituo cha kale cha misheni ya Waskoti. Mwaka wa 1929 wamisheni waliwataka waumini wao waape kuacha tohara ya wasichana. Jibu lilikuja kwa ngoma. Vijana walitunga Muthirigu, wimbo wa kuwakejeli wamisheni, machifu na serikali, ukaenea haraka kuliko polisi. Mwaka wa 1930 serikali iliupiga marufuku na kuwafunga walioucheza. Watu wengi walitoka makanisani, wakaanzisha shule zao wenyewe.

Kama kisa cha kupinga ukoloni, ni kisa kizuri: watu walikataa mgeni kuwaamulia mila, ardhi na masomo. Lakini angalia vita vilipiganiwa wapi. Vilipiganiwa kwenye mwili wa msichana. Mmisheni alisema mwili huo ni wa kuokolewa naye. Mzee alisema mwili huo ni mpaka wa kabila. Wasichana nao walicheza Muthirigu, wengine kwa moyo wote, lakini walioketi kukata shauri hawakuwa wao. Kenya ilipitisha sheria ya kukataza ukeketaji mwaka wa 2011, na miongoni mwa waliopigania zaidi ni wanawake waliopitia kisu wenyewe. Ilichukua zaidi ya miaka 80 kabla hatujamsikiliza mwenye mwili.

Atieno yuko SQ

Sisi hatufiki Thogoto leo. Tunashuka kwenye makutano ya James Gichuru na kuingia Lavington.

Angalia mpangilio. Ukoloni uliigawa Nairobi kwa rangi. Mzungu alichukua vilima vya magharibi na kaskazini, penye hewa na miti. Mhindi akawekwa Parklands na Ngara. Mwafrika akasukumwa Eastlands. Kwenye nyumba hizi kubwa, Mwafrika aliruhusiwa kulala nyuma tu, kwenye kijumba cha mtumishi. Wewe unakijua kijumba hicho. Unakiita SQ, na pengine umewahi kukitafuta mtandaoni ukitaka nyumba ya bei nafuu Kileleshwa. Aliyelala humo enzi zile kwa kawaida alikuwa mwanamume mzima, mwenye mke na watoto mashambani, akiitwa boi hadi nywele zikaota mvi. Ukoloni ulimfanya mwanamume kuwa mtoto, na mke wake ukajifanya hayupo.

Uhuru ulipokuja, wenye nyumba wakabadilika rangi. Kijumba hakikubomolewa. Na kazi ya jikoni ikazidi kuangukia wanawake na wasichana.

Hapo ndipo anapoingia Atieno. Kama ulisoma mashairi ya Kiingereza sekondari, unamkumbuka: mtoto wa miaka minane katika A Freedom Song ya Marjorie Oludhe Macgoye. Anaosha vyombo, ananyonyoa kuku, analala jikoni juu ya magunia. Mwenye nyumba anatueleza kwamba hana haja ya kumlipa, kwa kuwa ni mtoto wa dada yake. Watoto wa nyumba wanasoma, yeye hasomi. Akifika miaka 14 anapata mimba, na anakufa akijifungua, damu ikimtoka. Mtoto wake huenda akaishi, na huenda akarudia maisha yale yale.

Soma tena jina la shairi. Ni wimbo wa uhuru. Ndani yake hakuna mzungu hata mmoja. Anayemtesa Atieno ni mjomba wake, mtu mweusi, mwenye maneno mazuri ya ujamaa na undugu.

Na aliyeandika je? Macgoye alizaliwa Uingereza mwaka wa 1928. Alikuja Kenya mwaka wa 1954, katikati ya hali ya hatari, kuuza vitabu vya kanisa. Mwaka wa 1960 akaolewa na Daniel Oludhe Macgoye, akawa raia wa Kenya baada ya uhuru, akazeeka na kufia hapa Nairobi mwaka wa 2015. Utungo wake mwingine mrefu unaitwa Song of Nyarloka: nyarloka kwa Kijaluo ni binti kutoka ng'ambo. Alijua yeye ni mgeni, akalitangaza jambo hilo kwenye jalada.

Hapa ndipo watu hubishana hadi chai inapoa. Mzungu anaweza kuandika shairi la ukombozi wetu? Wengine husema hapana, sauti hiyo haikuwa yake. Mimi nasema haki ya kuliandika haikutoka kwenye ngozi wala kwenye cheti cha uraia. Ilitoka kwa kuangalia mahali ambapo wengi hawakutaka kuangalia. Lakini ubishi huo una uzito, na jibu lake si kumfuta Macgoye. Ni kuuliza kwa nini Atieno mwenyewe hakupewa shule ya kumwezesha kuandika.

Tembea sasa hadi mpaka wa Kawangware. Ukuta na nyaya za umeme zinaisha, mabati yanaanza. Asubuhi, akina mama hutoka huku na kule Kangemi kwenda kusubiri kazi ya kufua kwenye nyumba za upande wa pili. Tunawaita mama fua, na mara nyingi hatujui jina lingine. Ndani ya fleti, kuna dada aliyekuja kutoka ushago, na tunamwita mboch akiwa hasikii. Kwenye maandamano ya Juni 2024, tuliimba kuhusu haki hadi sauti zikakauka, na wasichana walikuwa mstari wa mbele wakipumua gesi kama sisi. Miezi mitano kabla, Januari 27, wanawake walijaza tao kupinga mauaji ya wanawake, na mitandaoni vijana wengi wa kiume walikuwa na shughuli moja: kuuliza marehemu alifuata nini kwenye nyumba ile. Nyanjiru angetuomba suruali.

Kwa hivyo wakati mwingine ukiwa kwenye open mic, au ukiandika mistari yako mwenyewe kuhusu Afrika, mama na ukombozi, jipime kwa maswali matatu. Mwanamke aliyemo ana jina? Anasema, ama anasemewa? Na wewe ukishuka jukwaani ukapigiwa makofi, nyumbani nani ataosha sahani uliyolia?

Swali la tatu unaweza kulijibu leo jioni. Osha sahani. Kisha muulize dada anayewafanyia kazi jina lake kamili, ametoka wapi, analipwa lini na anapumzika siku gani. Kama ana wimbo wa kwao, muulize aliufunzwa na nani, halafu unyamaze usikilize.